FUNDI WA MASUFURIA ALIYEKUTANA NA MUNGU KAZINI

Labda umepewa karatasi hii stendi, au sokoni, au umesimama pembeni mwa uwanja unasikiliza kwaya tu na huna mpango wa kusogea mbele. Sawa. Usiitupe lakini. Ni ya bure, na kuisoma hakukuchukui muda mrefu.

Vijana wengi ukiwaambia habari za Mungu wanajibu kwamba Mungu ni wa watu wa kanisani, wenye suti na Biblia kubwa kwapani. Wao mikono yao ina grisi, wanabangaiza, asubuhi hawajui jioni watakula nini. Wengine wanasema Mungu aliwaacha siku ile mama alipozikwa. Tangu hapo hawataki kusikia habari zake.

Basi nataka nikuambie habari za mtu mmoja. Huyu hakuwa padri, wala hakusoma sana. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Jina lake ni John Bunyan, naye aliishi Uingereza zaidi ya miaka 300 iliyopita. Yawezekana umesikia kitabu chake cha safari ya Msafiri anayekwenda mji wa mbinguni. Leo tuache kitabu, tumtazame mwenyewe.

MTOTO WA FUNDI

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa vyombo vya shaba na bati. Sufuria ikitoboka, birika likivunjika mkono, watu walimwita yeye. Kazi hiyo haikuwa na heshima. Mafundi wa namna hiyo walizunguka kijiji hadi kijiji na zana zao mgongoni, na watu wengi waliwaona kama wazururaji tu.

Hata hivyo wazazi wake walimpeleka shule akajifunza kusoma na kuandika. Hakufika mbali. Akarudi kwa baba yake kujifunza ufundi, na yale ya shule mengi yakapotea kichwani.

Mwaka 1644, John akiwa na miaka 15, nyumba yao ilipigwa. Mwezi wa sita mama yake akafariki. Mwezi wa saba dada yake Margaret naye akafariki. Kabla hata machozi hayajakauka, baba akaoa mke mwingine. Wewe uliyefiwa na mama unajua hali ilivyo. Unaingia ndani, kiti chake kipo, na yeye hayupo. Hukupata hata nafasi ya kumwambia kwaheri vizuri.

ALIYEKUFA BADALA YAKE

Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani, wenyewe kwa wenyewe, mfalme upande mmoja na bunge upande mwingine. John alipotimiza miaka 16 akaingizwa katika jeshi la bunge. Siku moja alichaguliwa kwenda na wenzake kuuzingira mji fulani. Alipokuwa tayari kuondoka, askari mwingine akaomba aende badala yake. John akakubali. Yule mwenzake akasimama zamu ya ulinzi, risasi ikampiga kichwani, akafa.

Hebu fikiri. Ile risasi ingempata nani? John mwenyewe alikuja kuandika habari hii baadaye. Lakini wakati ule hakumshukuru Mungu wala hakutubu. Alitoka jeshini mwaka 1647 akiwa yule yule, tena amezidi.

KINYWA KICHAFU

John hakuwa mlevi wa kulala mitaroni. Ugonjwa wake ulikuwa kinywa. Alitukana na kuapa hata watu wabaya walimshangaa. Siku moja alisimama nje ya dirisha la jirani anatukana kama kawaida yake. Mle ndani alikuwamo mwanamke ambaye naye hakuwa na sifa njema kabisa. Mwanamke huyo akamkemea. Akamwambia kwamba matusi yake yanamtetemesha hata yeye, na kwamba anaweza kuwaharibu vijana wa mji mzima. John aliona aibu, akainamisha kichwa. Alitamani awe mtoto tena, baba yake amfundishe upya kusema.

Na kuna Jumapili moja aliyosikia mahubiri juu ya kuitumia vibaya siku ya Bwana. Yalimchoma kidogo. Akala chakula cha mchana, moyo ukatulia, akaenda zake kucheza mchezo wa kupiga kijiti. Alipiga mara ya kwanza. Alipotaka kupiga mara ya pili, sauti ikamwingia rohoni ikimuuliza kama ataacha dhambi aende mbinguni, au atabaki nazo aende jehanamu. Akaduwaa, akaacha kijiti chini, akatazama juu.

Sasa unafikiri alitubu? Hapana. Alijiambia kwamba ameshachelewa, kwa mtu kama yeye hakuna msamaha tena. Basi kama ni kupotea, bora apotee akiwa ameshiba dhambi. Akaokota kijiti akaendelea kucheza.

Kijana, huo ndio uongo mkubwa wa Shetani. Kwanza anakuambia bado mapema, wewe kijana, kula maisha. Halafu siku hiyo hiyo anageuka anakuambia umeshachelewa. Hakuna saa hata moja katikati anayokuambia sasa ndiyo wakati wenyewe.

WANAWAKE WALIOKAA JUANI

John alioa karibu mwaka 1649. Walikuwa maskini kiasi kwamba hawakuwa hata na sahani wala kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Wakawa wanavisoma pamoja. John akaanza kwenda kanisani, akaacha matusi, akaacha na michezo. Majirani wakamsifu. Na yeye akajiona sasa ni mtu mwema, Mungu lazima amefurahi.

Kumbe alikuwa amepaka rangi nje tu. Yeye fundi alipaswa kujua. Sufuria iliyotoboka ukiing'arisha bado inavuja.

Hapa ndipo ninapotaka uangalie sana. Siku moja kazi yake ilimpeleka Bedford. Hakwenda kanisani siku hiyo, alikwenda kutafuta riziki. Akipita mtaani na zana zake, akaona wanawake maskini watatu au wanne wamekaa mlangoni, wanaota jua, wanaongea. Akasogea kusikiliza, maana yeye naye alijiona anajua maneno ya dini. Alipowasikia akanyamaza. Walikuwa wanazungumza juu ya kuzaliwa mara ya pili, jinsi Mungu alivyoitembelea mioyo yao kwa upendo wa Yesu. Walisema kwa furaha, kama watu walioingia nchi nyingine.

John akaona hana kitu hicho. Akaondoka akaendelea na kazi, lakini moyo ukabaki pale mlangoni. Tangu hapo akawa anatafuta kila njia kazi imrudishe upande ule awasikilize tena.

Unaona? Mungu hakumngoja avae vizuri. Alimkuta na nyundo mkononi, katika mtaa wa kawaida, siku ya kazi. Na waliotumiwa ni akina mama wasio na jina. Hata leo hakuna ajuaye majina yao.

Wanawake wale wakampeleka kwa mchungaji wao, John Gifford. Huyu Gifford mwenyewe alikuwa askari wa zamani, mlevi na mcheza kamari, aliyewahi kuhukumiwa kifo akatoroka, kisha Yesu akamwokoa. Alimpokea Bunyan akakaa naye na kumfundisha.

Sitakudanganya kwamba Bunyan alipata amani siku hiyo hiyo. Alipigana na mashaka miaka kadhaa. Leo anaamini, kesho anaona amelaaniwa. Ufumbuzi ulimjia siku moja akipita shambani. Aliona moyoni mwake kwamba haki yake haimo ndani yake mwenyewe, iko mbinguni, ni Yesu aliyeketi mkono wa kuume wa Mungu. Akiwa na siku nzuri haki hiyo haiongezeki, na akiwa na siku mbaya haipungui. Pale minyororo ikamwanguka.

Na nyundo hakuitupa. Aliendelea kuziba masufuria, na kuanzia karibu mwaka 1655 au 1656 akawa anahubiri pia, kwenye maghala, kwenye nyumba za watu, hata maporini. Watu walikuja kwa mamia kumsikiliza fundi.

KWAHERI ZILIZOFUATANA

Mtu akiokoka haimaanishi misiba inakoma. Anayekuhubiria hivyo anakudanganya. Mwaka 1655 mchungaji Gifford akafariki. Mwaka 1658 mke wa Bunyan naye akafariki, akamwachia watoto wanne wadogo. Mkubwa wao, Mary, alizaliwa kipofu.

Mwaka 1659 Bunyan akaoa tena, mke jina lake Elizabeth. Mwaka uliofuata Mfalme Charles wa Pili akarudi madarakani, na mambo yakabadilika. Kuhubiri nje ya kanisa la serikali kukawa kosa.

Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alikuwa amealikwa kuhubiri katika nyumba moja shambani, kijiji cha Lower Samsell. Alipofika akaambiwa kwamba hati ya kumkamata imeshatolewa. Rafiki akamshauri waahirishe. Alikuwa na nafasi ya kukimbia. Akatoka nje, akatembea peke yake, akafikiri. Kama yeye aliyewaambia wengine wawe imara atakimbia, wale wachanga katika imani watafanya nini? Akarudi ndani, akafungua mkutano kwa maombi. Wakamkamata.

Mbele ya wakuu alipewa sharti jepesi sana. Aahidi tu kwamba hatahubiri tena, arudi nyumbani kwa mke na watoto. Alikataa. Aliwaambia wazi kwamba wakimtoa leo, kesho atahubiri. Basi akafungwa Bedford. Tena aliambiwa kwamba akiendelea kukataa atafukuzwa nchini, na akirudi bila ruhusa atanyongwa.

Elizabeth alikuwa mjamzito. Habari zilipomfikia alishtuka, uchungu ukaanza kabla ya siku zake, akateseka siku nane. Mtoto akafa.

MWANAMKE MBELE YA MAJAJI

Lakini huyo mama hakukaa kitako. Mwezi wa nane mwaka 1661 majaji walikuja Bedford. Elizabeth akawaendea zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho aliingia katika chumba cha nyumba ya wageni kilichojaa wakubwa wa wilaya, yeye mwanamke maskini peke yake, akamwomba jaji Matthew Hale. Alieleza kwamba ana watoto wanne wadogo, mmoja kipofu, na wanaishi kwa msaada wa watu wema tu. Mtu mmoja akasema kwa dharau kwamba mumewe ni fundi masufuria. Elizabeth akawajibu kwamba ndiyo, na kwa sababu ni fundi tena maskini, ndiyo maana anadharauliwa na haki hapati.

Jaji Hale alimhurumia, ila hakumsaidia. Elizabeth akatoka analia. Na alieleza baadaye kwamba hakulia hasa kwa ugumu wao. Aliwalilia wao wenyewe, akifikiri siku Bwana atakapokuja watajibu nini.

MIAKA KUMI NA MIWILI

Bunyan alikaa gerezani miaka 12. Aliingia na miaka kama 32, akatoka amepita 40. Ujana wake wote wa nguvu ulikwisha mle.

Na ujue, mlango ulikuwa karibu. Kila siku angeweza kutoka kwa neno moja tu la kukubali kunyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamtesa. Kuagana na mkewe na watoto kulimuuma mno, hasa yule Mary kipofu aliyekuwa karibu zaidi na moyo wake. Alimfikiria akiombaomba, akipigwa, akisikia baridi na njaa, na yeye baba yake ndiye amechagua hivyo. Alijiona kama mtu anayeibomoa nyumba yake juu ya vichwa vya wanawe. Lakini alijua hawezi kumkana Bwana.

Neno lililomshika ni lile la Yeremia 49:11, ambapo Mungu anajitwika yatima na wajane na kuahidi kuwatunza. Bunyan akaona hivi: nikimwachia Mungu watoto wangu, nimewaweka mahali salama kuliko mikononi mwangu.

Kulikuwa na siku za giza pia. Mwanzoni alidhani atanyongwa, na aliogopa kwamba atapanda ngazi ya kitanzi akitetemeka na kumwaibisha Mungu. Aliomba apate faraja, faraja haikuja. Mwishowe akaamua kwamba hata asiposikia kitu chochote moyoni, hata mbingu ikinyamaza, atashikamana na Kristo tu. Alipoamua hivyo, moyo ukajaa utulivu.

Soma hapo tena, kijana. Uwepo wa Mungu sio msisimko tu wa kwaya na magitaa. Msisimko ni mzuri, lakini mkutano ukiisha vyombo vinafungwa kwenye gari vinaondoka. Mungu haondoki na vyombo.

KAZI MLE NDANI

Sasa alifanya nini miaka yote hiyo? Alifanya kazi. Sufuria hakuweza kuzunguka kuziba. Basi akajifunza kutengeneza kamba za kufungia viatu na nguo, zile zenye ncha ya chuma. Alitengeneza maelfu kwa maelfu, zikauzwa, familia ikapata chochote cha kula. Kamba moja, na nyingine, na nyingine tena. Kazi ya kuchosha kabisa. Lakini ilikuwa ibada yake, maana kila kamba ilikuwa ni mkate wa mtoto kipofu.

Alikuwa na Biblia. Alihubiri kwa wafungwa wenzake. Na akaandika. Mwaka 1666 kilitoka kitabu chake kinachosimulia jinsi neema ilivyomfikia mwenye dhambi mkubwa, na mengi niliyokuambia hapa yametoka humo.

Mwaka 1672 mfalme alilegeza amri, Bunyan akatoka. Kabla hata hajaachiwa rasmi, kanisa la Bedford lilikuwa limeshamchagua kuwa mchungaji. Ufundi wake ulikuwa umekufa, ikabidi aanze upya. Wakaabudu katika ghala lililokuwa kwenye shamba la matunda. Mary, yule binti kipofu, alifariki kabla ya baba yake. Hakuwahi kuuona uso wa baba hapa duniani.

Baadaye alifungwa tena miezi kadhaa. Na mwaka 1678 kikatoka kile kitabu cha Msafiri aliyebeba mzigo mgongoni, mzigo ukamwanguka msalabani. Mwenye kukiandika alijua mzigo ni nini, alibeba zana mgongoni tangu utotoni. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, na Kiswahili kimo. Wale majaji, nani anasoma maneno yao leo?

SAFARI YA MWISHO

Mwezi wa nane mwaka 1688 kijana mmoja aligombana na baba yake, baba akataka kumnyima urithi. Bunyan akapanda farasi mpaka mji wa Reading, akakaa na baba yule, akamsihi hata akalainika na kumsamehe mwanawe. Kisha akaelekea London. Njiani mvua kubwa ikamnyeshea, akafika amelowa chapachapa. Alihubiri mara moja tena, halafu homa ikampiga. Tarehe 31 Agosti 1688 akafariki katika nyumba ya rafiki, akiwa na miaka 59, mbali na Elizabeth. Amezikwa Bunhill Fields, London.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kupatanisha baba na mtoto. Na hiyo ndiyo kazi ya Yesu mwenyewe.

NA WEWE JE?

Kijana, yako mambo mawili ambayo huwezi kuyakwepa, uwe tajiri au maskini. Moja ni kazi, kila kukicha. La pili ni kuagana. Utaagana na mama, na marafiki, na kijiji chako ukipanda basi kwenda mjini, na siku moja utaagana na mwili wako. Bunyan alikutana na Mungu katika mambo hayo hayo mawili, kazini na kwenye kwaheri. Zaburi 27:10 inasema hata baba na mama wakituacha, Bwana anatupokea.

Lakini nisikufiche. Mungu yupo karibu na fundi, na kondakta, na mama ntilie, ila kuwa karibu siyo kuokoka. Bunyan alifanya kazi miaka mingi Mungu akiwa karibu naye, na alikuwa anapotea. Alipaswa kuzaliwa mara ya pili, kama Yesu alivyosema katika Yohana 3:3. Na wewe ni hivyo hivyo. Yupo aliyekufa badala yako, na huyo sio askari aliyepigwa risasi. Ni Yesu, alikufa msalabani akakuchagua akijua, akafufuka siku ya tatu.

Usiseme bado mapema. Usiseme umechelewa. Kama moyo unakugonga, tafuta mahali, hata hapo chini ya mti, hata kwenye kiti cha basi, uombe hivi kwa imani:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejing'arisha nje, ndani ninavuja. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Niingie moyoni, unizae mara ya pili. Kuanzia leo mikono yangu na kazi yangu ni vyako. Wale niliowapoteza na wale nitakaoagana nao nakuachia wewe. Usiniache kamwe. Amina.

Kama umeomba hivyo kwa moyo wako wote, umeokoka. Waambie wahudumu hapo uwanjani wakuombee. Jioni njoo mkutanoni, mlete na mwenzako. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, na anza kusoma Injili ya Yohana kidogo kidogo. Na kesho asubuhi urudi kazini kwako. Yesu atakuwa ameshatangulia pale.

Ukimaliza kusoma, mpe mwingine karatasi hii. Mungu akubariki.